Barafu ya Kwa Kamugisha

Watu wa Mwananyamala wakimtaja Adelard Kamugisha mpaka leo wanamtaja kwa heshima, na mimi huondoka mahali hapo kabla sijatukana mtu. Nilipanga chumba nyumbani kwake miaka ile ya vijiji vya ujamaa, chumba cha uani, ukuta mmoja na jiko. Niliyoyaona niliyaona kwa macho yangu, na yale ambayo sikuyaona niliambiwa na Tekla, mkewe, naye hakuwa mtu wa kutia chumvi. Sina haja ya kumsingizia Kamugisha. Ya kweli yake yanatosha.

Alikuwa karani wa shirika moja la umma mjini, mtu wa Bukoba, mrefu, msafi, shati lake jeupe ungelitafutia doa ukachoka. Hakuwa mlevi wala hakuwa mtu wa kumpiga mke. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wakinisikiliza huanza kutafuta ngumi, na ngumi humu hamna. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu, macho ya watu. Hakununua hata kiti bila kuwaza jirani atasemaje, na akishakinunua alikiweka pale ambapo mpita njia angekiona. Redio yake ilikaa dirishani, uso umeelekea barabarani, naye alikaa ndani akisikiliza mgongo wa redio. Alikuwa akiona raha kabisa.

Tekla alikuwa mwembamba, mcheshi, mweusi wa kung'aa, na alikuwa na sukari. Si ile ya wazee. Ilimpata akiwa msichana wa shule kwao Bukoba, na tangu hapo aliishi kwa sindano, asubuhi na jioni, akijidunga mwenyewe pajani huku anakuhadithia habari nyingine. Dawa alipewa hospitalini kwenye vichupa vya kioo, na masharti yake yalikuwa kwamba ikae mahali pa baridi lakini isigande kabisa. Ikiganda imekufa. Kwa hiyo aliiweka kwenye kimtungi cha udongo kilichozikwa nusu ndani ya ndoo ya mchanga, na mchanga ule aliumwagia maji kila alipopita. Joto la Dar es Salaam lote lile halikuwahi kuiharibu dawa ya Tekla. Mimi mwenyewe nilikuwa nikitia mkono mle ndani nasikia baridi ya kisimani.

Donda lake halikuwa sukari. Donda lake lilikuwa mtoto. Miaka ilipita na hakupata, na Kamugisha hakumtukana kwa hilo, ila wageni wakija alizoea kusema, "Nyumba kubwa hii, na sisi wawili tu," kisha akacheka. Tekla naye alicheka, halafu akaja uani kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Mwaka ule balozi wetu wa nyumba kumi alihamia kijijini kwao, kiti kikabaki wazi, ikasemwa kwamba atachaguliwa mwingine baada ya Idi. Kamugisha alikitaka kiti kile mpaka akawa hali vizuri. Tatizo ni kwamba watu hawakuwa naye. Hawakumchukia, walimwona anajisikia tu. Mtaa ulijaa watu wa Lindi, Mtwara na Rufiji, watu wa kukaa barazani na kuongea, na yeye alikuwa mtu wa kupita na mwavuli akisema "habari za jioni" bila kusimama. Ramadhani ilikuwa inakaribia. Kila Ramadhani watu wa mtaa walikwenda barabara kubwa kupanga foleni ya barafu, mabonge yaliyofunikwa na vumbi la mbao, na wakifika nayo nyumbani nusu imekwisha njiani. Kamugisha aliliona hilo, akakaa nalo kimya.

Siku moja akamwambia mkewe kwamba amepata nafasi ya kununua friji kwa Wazungu wanaorudi kwao, na kwamba analinunua kwa ajili ya dawa yake. Tekla alikuja kwangu akilia kwa furaha. Alisema hakujua kama mumewe anamwazia kiasi hicho, na kwamba miaka yote alikuwa amemdhania vibaya. Akaniomba nimsindikize kwenda kulichagua.

Tulikwenda Oysterbay, Kamugisha mbele na sisi wawili nyuma. Barazani kwa Wazungu wale kulikuwa na mafriji mawili, yote yanafanya kazi. Mama mwenye nyumba alijua Kiswahili cha kutosha, akatueleza bila haraka. Friji la kwanza, dogo kidogo, lilikuwa linajiyeyusha lenyewe. Utando wa barafu ukianza kuota ndani, mashine inapumzika, utando unachuruzika kwa nyuma kama jasho na kukauka, na mwenye nyumba hana habari. Baridi yake ni ya kiasi, juu na chini sawa. Ubaya wake ni kwamba sehemu ya kugandishia ni finyu, unapata vibonge vichache vya kutia kwenye glasi, basi. La pili lilikuwa kubwa, la zamani, lenye tumbo, na lilikuwa linagandisha kwelikweli. Lakini hilo halijiyeyushi. Barafu ikifikia unene wa kidole lazima ulizime, uache mlango wazi siku nzima, upanguse, ndipo uliwashe tena. Ukizembea, barafu inasukuma kijimlango cha juu, baridi inashuka, na kila kilichomo kinaganda mpaka nyanya.

Tekla akauliza kuhusu dawa yake. Mama yule akataka kujua ni dawa gani, akaambiwa, akaweka mkono juu ya friji dogo.

"Hii," akasema. "Kwa dawa hiyo chukua hii. Ile nyingine itaiua."

Kamugisha alifungua friji dogo akachungulia. Ndani kulikuwa safi, kukavu, hamna barafu ya kumwonyesha mtu. Akalifunga. Akafungua lile kubwa. Humo barafu ilikuwa imejaa pande zote, nene kama godoro la pamba, na moshi mweupe wa baridi ukamtokea usoni. Aliweka kiganja juu ya barafu ile akakiacha hapo mpaka kikaanza kunata, na nilimwona anatabasamu kama mtu aliyepewa mkono na mkubwa wake wa kazi.

"Ta Adelard," Tekla akasema, maana kwao ndivyo mwanamume anavyoitwa kwa adabu, "tuchukue hili dogo. Kwa ajili ya dawa."

"Hilo limechoka," akajibu. "Friji gani halina barafu? Mgeni akilifungua atasema limekufa."

"Mama mwenyewe amesema ndilo linalofaa."

"Nimeelewa alivyosema, Tekla. Kulizima ni kazi ya mkono, na mikono tunayo. Nitalizima kila wiki mwenyewe."

Likachukuliwa lile kubwa. Tulipokaribia nyumbani Tekla akaniambia kwa sauti ndogo kwamba mumewe amejinyima mengi kulipata, na kwamba mtu akikupa kitu kwa moyo wake huwezi kumwambia hukitaki. Nilitaka kumwuliza ni moyo wa nani, lakini alikuwa na furaha yake na mimi si mchawi.

Friji liliwekwa sebuleni mkabala na mlango wa mbele, na tangu siku hiyo mlango wa mbele haukufungwa mchana. Jikoni nafasi ilikuwepo, lakini jikoni nani angeliona. Juu yake kikatandikwa kitambaa cha kufuma na likawekwa jagi jipya. Jioni ile ile Kamugisha alikichukua kile kimtungi cha Tekla akakitupa jalalani. Alisema ni aibu nyumba yenye friji kuonekana na mtungi. Mchanga aliumwaga uani, nikaufagia mimi.

Mwezi ulipoandama, Kamugisha alijaza maji kwenye mikebe ya maziwa ya unga akagandisha. Alasiri watu wakaanza kuja na mabakuli. Alikuwa anawahi kutoka kazini, anasimama sebuleni amekunja mikono ya shati, anafungua friji kwa ufunguo, maana mlango wake ulikuwa na kufuli na ufunguo alikwenda nao kazini, kisha anamgongea kila mtu bonge lake. Hakuuza. Alitaka barafu itoke mkononi mwake yeye, si mwa mkewe, na itoke bure. Watu ambao mwaka mzima walimwita Bwana Mwavuli sasa walimwita mzee wetu. Siwalaumu. Mtu aliyeshinda na kiu kwenye joto lile, ukimpa barafu ya bure anakupa na moyo wake.

Ile ahadi ya kulizima kila wiki haikutimizwa hata mara moja. Kulizima ilikuwa ni kukosa barafu siku hiyo na ya pili yake, na mabakuli yakirudi matupu, maneno yangeanza. Badala yake alikizungusha kitufe cha baridi mpaka mwisho. Barafu ikanenepa, ikakisukuma kile kijimlango, ikaanza kushuka kwenye rafu kama ndevu. Tekla alikuwa amezisimamisha chupa zake chini kabisa, ndani ya soksi ya sufu, na kila asubuhi alimwomba mumewe walizime siku moja tu. Alijibiwa kwamba litazimwa baada ya Idi.

Mfungo ulipofika katikati alikuja kwangu na chupa mkononi. Dawa imekuwa jiwe. Aliishika kwapani mpaka ikayeyuka, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, tukaona vipande vyeupe vinaelea ndani kama maziwa yaliyokatika. Alikwenda kumwonyesha Kamugisha. Nilikuwa mlangoni na bakuli langu, nikasikia kila neno.

"Maji yakiganda yakayeyuka, si maji yale yale?" Kamugisha akamwuliza.

"Hii si maji. Hospitali walisema ikiganda imekufa. Kesho niende wakanipe nyingine."

"Utawaambia nini? Kwamba nyumbani kwa Kamugisha hatujui kutumia friji?" Alisema kwa upole, huku anagonga barafu ya mtu. "Tumia hiyo mpaka siku yako ya kliniki. Usinitie aibu mwezi huu, Tekla. Mwezi huu tu."

Kisha akanigeukia, akaniuliza habari za saumu, akaniwekea bonge kubwa kuliko la kila siku.

Nilimwambia Tekla aende kwa siri, na nauli nitampa. Akasema hawezi kwenda kumsema mumewe kwa watu. Lakini chupa yake ya mwisho, ambayo barafu ilikuwa bado haijaifikia, alinipa niiweke kwenye mtungi wangu wa maji ya kunywa. Akawa anakuja kujidungia chumbani kwangu, tunacheka kama wezi. Haukupita muda Kamugisha akamwona anatoka. Hakupiga kelele. Alibisha hodi, akaingia kistaarabu, macho yakazunguka chumba mpaka yakatua kwenye mtungi.

"Mwajabu," akasema, "watu watasema nini wakijua nina friji, na dawa ya mke wangu inalala kwa mpangaji?"

Nilimjibu kwamba watasema mkeo mzima. Akatabasamu. Akafunua mtungi mwenyewe, akaitoa chupa, akaipangusa kwa leso yake iliyopigwa pasi, akaondoka nayo. Aliirudisha kwenye friji, na ili mtu asije kusema kwamba haitunzi, akaiweka rafu ya juu kabisa, chini ya barafu, mahali penye baridi kuliko pote. Kesho yake asubuhi ilikuwa jiwe kama mwenzake.

Hapo ndipo jambo lilipogeuka likawa baya zaidi, kwa sababu liligeuka likawa zuri. Tekla alianza kutapika. Asubuhi anatapika, mchana anatapika, anaona kiu isiyokwisha, chakula hakitaki, analala kila alipokaa. Damu yake ya mwezi nayo haikuwa imekuja. Wanawake wa mtaa walipomwona anasimama mbele ya friji anaomba kibonge cha barafu cha kumung'unya, wakatazamana wakacheka, maana sote tumewahi kuona mwanamke anatamani udongo, anatamani mkaa, anatamani barafu. Habari ikatembea mtaa mzima kabla ya magharibi. Kamugisha akaisikia barazani kutoka kwa watu, na kwake yeye jambo lililosemwa na watu lilikuwa limekwisha kuwa kweli.

Mimi sikuipenda harufu ya pumzi ya Tekla. Ilinuka kama ndizi zilizoiva zikapita kiasi. Nilimwendea Kamugisha sebuleni nikamwambia mkeo apelekwe hospitali, hiyo si mimba, hiyo ni sukari. Akanijibu kwamba mimba changa haitembezwi, watu wabaya ni wengi, atakwenda itakapojishika. Na kuhusu dawa akasema labda mtoto ndiye anayemsumbua. Nilirudi kwa Tekla. Alikuwa amelala chali kitandani, mashavu yameingia ndani, mikono yote miwili ameiweka juu ya tumbo lililobonyea kama sahani.

"Twende hospitali, shoga yangu," nikamwambia. "Mie nakubeba mgongoni."

"Na wakiniambia si mtoto?"

"Watakutibu."

Alifumba macho. "Niachie siku mbili tatu, Mwajabu. Sijawahi kuwa nayo furaha hii. Niachie kidogo."

Ningelikuwa na nguvu za mwanamume ningelimbeba vivyo hivyo akipiga kelele. Mpaka leo nikikumbuka mikono ile juu ya tumbo naona hasira ambayo sijui niitue wapi. Yeye alidanganywa na mwili wake mwenyewe. Yule wa sebuleni hakudanganywa na mtu.

Idi ikapita. Uchaguzi ulifanyika mbele ya nyumba yetu, kwa sababu ndipo kwenye maji baridi. Aliyesimama kushindana na Kamugisha alikuwa Kasimiri, mchonga vinyago, mtu mwema, mcheshi, aliyekuwa akiwatengenezea watu vigoda na kuwadai mwaka mzima bila kugombana na mtu. Watu waliambiwa wapange mstari nyuma ya yule wanayemtaka. Nyuma ya Kasimiri tulisimama mimi, mke wake na mzee mmoja kiziwi. Nyuma ya Kamugisha mstari ulikwenda ukapinda kona. Kukapigwa makofi, likatolewa pipa la sharbati lenye mabonge yanayoelea, na kila mtu akaja na kikombe. Tekla alikuwa ndani. Nilimpelekea kikombe kimoja, akanywa, akatapika, akaomba kingine. Alitaka kujua kama mumewe ameshinda. Nilimwambia ameshinda, naye akasema Mungu mkubwa.

Jumatatu nilitoka zamu yangu kiwandani mchana nikamkuta hajitambui. Anavuta pumzi ndefu, nzito, kama mtu anayepanda mlima, na kila pumzi imejaa harufu ile ya ndizi. Nikamwita, akafungua macho, hakuniona. Nikapiga yowe, wanawake wakaja, mmoja akakimbilia barabarani kutafuta gari, mwingine akatumwa ofisini kwa Kamugisha. Nilimpakata kichwa chake. Pumzi ile ndefu ikawa fupi, ikawa fupi zaidi, ikakaa muda bila kurudi, ikarudi mara moja, basi. Gari lilipofika hakukuwa na mtu wa kupakia.

Kamugisha alikuja akalia. Siwezi kusema alikuwa anaigiza, alilia kweli, akajitupa chini na shati lake jeupe, na watu wakamnyanyua wakimwita balozi. Alipopata nguvu, jambo la kwanza lililozungumzwa lilikuwa mazishi. Mama yake Tekla, Ma Demetria, alikuwa Morogoro kwa mwanawe mkubwa, na ilikuwa lazima asubiriwe, hangefika kabla ya kesho. Wazee wakashauri mwili upelekwe hospitali ukahifadhiwe. Kamugisha akatikisa kichwa.

"Mke wangu hatalala nyumba ya maiti," akasema. "Barafu ipo nyumbani."

Mzee mmoja akasema, kweli huyo ni mume.

Hivyo ndivyo lile friji lilivyozimwa. Alilizima yeye mwenyewe, akaacha mlango wazi. Kasimiri alikwenda kwake akaja na nyundo na patasi zake za kuchongea, akapiga magoti mbele ya friji, akaanza kuibandua ile barafu tabaka kwa tabaka, mapande mapana kama vigae. Zikajaa ndoo, yakajaa mabeseni. Sie wanawake tulikuwa tumemwosha Tekla na kumvalisha gauni lake la Jumapili. Tukamlaza kitandani pale pale sebuleni, mabeseni ya barafu tukayaweka uvunguni, na vipande vingine tukavitia kwenye mifuko ya nailoni tukampanga navyo kuanzia kwapani mpaka miguuni. Alikuwa mwepesi mno. Barafu ilitosha ikabaki, tukaifunika kwa magunia isiyeyuke.

Kwenye rafu ya juu patasi ya Kasimiri iligonga kitu kigumu kilichozama kwenye barafu. Akakichimbua akaona ni chupa, akanipa mimi niliyekuwa karibu, hakujua ni nini. Nikaifunga kwenye pindo la khanga.

Ma Demetria alifika kesho yake alasiri, amevaa gauni refu na khanga begani, vumbi la safari usoni. Nilimpokea mkono nikamwamkia. Hakuitikia, aliuliza tu kama mtoto wake bado ana sura yake. Njia nzima, ndani ya basi lile la joto, alikuwa anahesabu saa na kuliwaza jua, na alikuwa amejiandaa kuambiwa kwamba wamekwisha kumzika, au kwamba asifunue. Tulimwingiza sebuleni. Akafunua. Tekla alikuwa amelala kama alivyokuwa, mweusi, safi, midomo imefungwa vizuri, matone madogo ya maji kwenye nyusi kwa sababu ya baridi. Mama yule alimshika mashavu, akamwita kwa Kihaya, akamlalia kifuani. Baridi ilipomwingia akainuka, akauliza ni nani aliyefanya kazi hii.

Watu wakamwonyesha Kamugisha. Wakamweleza wote kwa pamoja kuhusu friji, na kwamba mtaa mzima hakuna lingine kama lile, na kwamba alikataa mkewe apelekwe kulala na maiti za watu. Ma Demetria alimwendea mkwewe akamshika mikono yote miwili, na kichwa akakiinamisha juu ya mikono ile.

"Asante, mwanangu," akasema. "Umenitunzia mtoto."

Kamugisha akaipokea asante ile. Aliitikia kwa kichwa, macho chini, kama mtu anayepewa alichostahili.

Nikasimama. Nilikuwa nimejiambia kwamba nitanyamaza mpaka tuzike, lakini damu ilinipanda. Nikaifungua khanga nikaiinua ile chupa mbele ya watu.

"Mama, barafu hiyo ndiyo iliyomuua," nikasema. "Dawa yake iligandia humo. Akaomba akachukue nyingine, huyu akamkataza, anaogopa watu watasema."

Kamugisha hakukana. Hakunitazama mimi wala mama mkwe, aliwatazama watu, uso mmoja baada ya mwingine, kuona wamelichukuaje. Na nyuso zile, Mungu awasamehe, zote zilikuwa zimeinama.

Ma Demetria aliitazama chupa mkononi mwangu kwa muda mrefu. Alikuwa ameishi na binti yule tangu sindano ya kwanza, aliijua dawa ile kuliko mimi. Niliona kabisa kwamba ameelewa.

"Wewe ndiye Mwajabu," akasema.

"Ndimi, mama."

"Mwanangu, nimetoka Morogoro naomba kitu kimoja tu, nimkute ana sura yake. Nimemkuta. Hicho usininyang'anye." Akatoa pumzi. "Mwombe radhi mkwe wangu."

Sikumwomba. Nilibaki nimesimama na ile chupa, mwanamke mmoja akanishika kiwiko akanivuta pembeni, wengine wakaanza kunong'ona kwamba Mwajabu hana adabu, msibani kweli mtu unasema maneno hayo. Kamugisha akasema kwa sauti ya balozi kwamba nisamehewe, uchungu huo. Halafu akachukua jagi, akatia maji, akaokota kipande cha barafu safi kwenye ndoo iliyobaki, akakidumbukiza, akamiminia mama mkwe glasi mpaka juu.

Ma Demetria alikuwa na kiu ya safari. Alikunywa yote, akaomba tena.